Kumfundisha Bi Rukia Kula Upya

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, kubwa, yenye picha ya ndovu. Ninaishukuru, ingawa sasa nina saa na sina pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni, nikakaa chini yake, nikaanza kuandika haya mliyoniomba. Mambo ya vyeo na uhamisho yako kwenye faili, na faili ziko kwa wenye faili. Mimi nitawaambia yale niliyoyaona watu wakila, kwa sababu kazi yetu sisi watu wa lishe, ukiiondolea mikutano, ni kutazama watu wakila.

Niliteremka Voi kutoka milimani nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Aliyenipokea hospitalini alikuwa Bi Mghoi, afisa wa lishe aliyenitangulia, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kunisifu nikiwa nasikia. Nilitarajia anionyeshe meza yangu. Akanipeleka wodi ya watoto, kwenye jiko dogo ambako maziwa maalum ya waliodhoofika yalikuwa yamekorogwa tayari, akanijazia kikombe.

"Kunywa."

Nikamwambia nimekwisha kunywa chai.

"Sijakuuliza chai. Utamwambiaje mama amnyweshe mtoto kitu ambacho wewe hujui kikifika kooni kinafanya nini?"

Nikanywa. Yalikuwa matamu ya kuchosha na yaliacha utando ulimini mpaka jioni. Tangu siku ile sijampa mgonjwa chakula nisichokionja, na vipo nilivyovionja ambavyo ningependa kuvisahau.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye kijani, manjano na nyekundu, na mizani ya kuning'iniza iliyowafanya watoto wote wa Voi watuchukie. Kulikuwa na vijiko. Baadaye tuliletewa vyakula vya plastiki vya kufundishia, yai, samaki, ndizi na ugali uliong'aa kama sabuni. Mzee mmoja wa Mahoo, mkulima wa ndizi mwenye ugonjwa wa sukari, aliigeuzageuza ile ndizi mkononi, akairudisha mezani taratibu. "Mwanangu," akaniambia, "hii ilikatwa kabla ya wakati wake." Nilimfundisha kwa ndizi zake mwenyewe kuanzia siku hiyo.

Ukame ulipokuja tulipokea watoto wa wafugaji kutoka upande wa Ndara. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo darasani nililiandika bila kulielewa: mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hapewi chakula kingi kwa mara moja. Mwili wake umekwisha kuzima taa moja baada ya nyingine, na hauwezi kuziwasha zote kwa pamoja. Huruma ikijaza bakuli, inaweza kuua. Kina mama walinililia niongeze, nami nikikataa waliniona sina moyo, na usiku nililala nikijiuliza kama ninao. Kisha asubuhi moja mtoto aliyekuwa akiutazama ukuta tangu afike aligeuza shingo kukifuata kijiko. Bi Mghoi alinishika bega. Mimi nilianza kuuogopa mwili wa binadamu siku ile, uoga ule wa mtu aliyeingia nyumba ya ibada na viatu.

Miaka ikaenda, Bi Mghoi akastaafu, na wagonjwa wakabadilika. Presha na sukari zikajaa kwenye benchi letu, magoti yakaanza kushindwa kuwabeba wenyewe. Mwishoni wakaja waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji. Nicheke au nilie? Nilitumia ujana wangu kutafuta njia ya kuingiza chakula ndani ya watu, nikafika uzeeni nikaletewa waliokwenda kukatwa ili kisiingie. Niliwaza hivyo mpaka nilipokutana na Bi Rukia.

Bi Rukia aliuza leso na madera karibu na soko, na alikaa Kaloleni na mwanawe, mke wa mwanawe, na mdogo wake Bi Salma. Watu wao walitoka pwani zamani, wakaja Voi na biashara, lakini Kiswahili chao hakikupanda garimoshi, kilibaki cha pwani. Alikuwa mwanamke mkubwa na mcheshi aliyejua kuwatania wengine kabla hawajamtania. Ila sukari ilikuwa imeanza kumla macho, na magoti yalikuwa yamemnyima kusujudu. Aliswali akiwa kitini. Aliniambia kuwa hilo ndilo lililompeleka kwenye kisu. "Si uzuri, daktari. Nataka paji langu liguse chini." Nilimkumbusha kila mara kwamba mimi si daktari. Akajibu kwamba kila anayemkataza mtu sambusa ni daktari.

Walimfanyia upasuaji Mombasa. Waliondoa sehemu kubwa ya tumbo lake wakaacha mfuko mwembamba, mfano wa ndizi mbichi. Alirudi na maagizo mazuri sana, yaliyotaja jibini laini za aina tatu na samaki wa kopo asiyeuzwa Voi. Wiki za mwanzo zilikuwa za majimaji: maji kwa kufyonza, supu iliyochujwa, maziwa. Kisha vilivyopondwa. Hapo nikayaweka kando maagizo ya jibini, nikampelekea kimanga, chakula chetu Wadawida, maharage na malenge vilivyopondwa pamoja. Nilikilainisha zaidi kwa mchuzi, nikakipitisha kwenye chujio.

Akakitazama. "Chakula cha mlimani hiki."

"Kionje kwanza, Bi Rukia."

Akaonja ncha ya kijiko. Akaonja tena. "Nyinyi watu wa mlimani mmetuficha mambo," akasema.

Mlango mgumu ulikuwa chakula kigumu. Ninyi vijana mnaowahudumia hawa sasa, shikeni hapa. Mgonjwa anakiogopa. Amezoea uji, uji unapita, na ndani ya kichwa chake lile tonge la kwanza ni jiwe. Tena uji peke yake haumtoshi. Nyama ya mwili inayeyuka, nywele zinatoka, mikono inakosa nguvu. Kwa hiyo nilimwambia aje klinikini, tule pamoja. Nilichemsha samaki wa Ziwa Jipe, nikamtoa miiba, nikaweka vipande viwili vidogo kama ukucha wa kidole gumba, kimoja chake kimoja changu.

"Tafuna mpaka kiwe maji," nikamwambia. "Kisha tafuna hayo maji."

Tulitafuna tukitazamana kama mbuzi wawili. Mimi nilimeza kwanza, kwa mazoea. Yeye aliendelea. Alipomeza alifumba macho, akaweka kiganja kifuani, na nikaona uso wake ukikifuata kile kipande kikishuka, polepole, kikifika. Akafumbua macho.

"Kimekaa," akasema. Alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kukiamsha.

Sijui kama nitaweza kuwaelezea nilivyojisikia. Madaktari walikuwa wamekata, wameshona, na kile kilichobaki, kipande cha mfuko ambacho hakijawahi kufanya kazi peke yake, kilikuwa kimepokea samaki na kimejua la kufanya. Hakuna aliyekifundisha. Niliwahi kuona hivyo kwa watoto wa wodini, na nilidhani nimezoea. Sikuwa nimezoea.

Kisha tukaanza kurudi nyuma. Klinikini alikula vizuri, nyumbani alitapika. Asubuhi yai lilikaa, jioni supu ilikaa, lakini chakula cha mchana kilirudi karibu kila siku. Nilimuuliza anakula nini. "Samaki, kama ulivyonionyesha." Kiasi gani? "Kidogo tu, daktari, wallahi." Nilimwamini, na alikuwa akisema kweli kama alivyoijua. Wiki zikapita, akashindwa kunyanyua robota la leso, vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Daktari wetu akamchoma sindano za vitamini upesi, maana kutapika kwa muda mrefu kunaweza kuharibu mishipa ya fahamu, na akamrudisha Mombasa wakamwangalie ndani kwa kamera. Jibu likaja kwamba njia iko wazi, hakuna palipobana. Daktari akaniita pembeni. Akaniambia hali ikiendelea hivi atalazwa alishwe kwa mshipa, na mwili wake umekwisha kudhoofika, hajui utavumilia nini.

Bi Rukia alikuwa na jibu lake. "Nitakunywa uji mpaka nife. Kwani watoto wachanga hawaishi?"

"Wanakua, Bi Rukia. Ndiyo maana wanaacha uji."

Aliyekuwa akimsindikiza ni Mwanaidi, mke wa mwanawe, binti wa Taveta aliyeolewa karibuni. Alikuwa mjamzito, na kwa kuwa kliniki ya wajawazito iko mlango wa pili, nilimpima mkono naye. Mkono ulikuwa mwembamba kuliko nilivyotaka. Nikamuuliza kama anakula. "Nakula vizuri tu," akasema akitazama sakafu. Basi nilikuwa na wanawake wawili wa nyumba moja, mmoja anatapika na mwingine hanenepi, na wote wawili wanakula vizuri tu. Nikaomba nialikwe chakula cha mchana.

Tulikaa mkekani, wanawake wanne: Bi Rukia, Bi Salma, Mwanaidi na mimi. Sinia likawekwa katikati, wali, mchuzi wa samaki, mchicha wa nazi. Kwetu mlimani kila mtu ana sahani yake, na akishiba anaisukuma. Pale tulikula kwa mkono, kila mtu upande wake. Bi Rukia alipiga bismillahi akaanza na samaki, kipande kidogo, akatafuna kama nilivyomfundisha. Nilijivuna kimoyomoyo. Baada ya vipande vichache nikamwona anafuta pua kwa pembe ya leso. Hiyo ni ishara, nanyi mwijue: waliopunguzwa tumbo, likijaa, wengi pua hutiririka ghafla, au hupata kwikwi, au uzito kifuani. Nikangoja atoe mkono.

Hakutoa. Alibana punje za wali kwa ncha za vidole, akatia mdomoni. Akafuta pua. Akabana tena. Bi Salma alikuwa akisimulia habari za harusi ya mtu. Mwanaidi alikula haraka haraka kimyakimya, na macho yake hayakuwa kwenye chakula, yalikuwa kwenye mkono wa mama mkwe wake. Mwishowe Bi Rukia alisimama akaenda uani. Papo hapo Mwanaidi aliutoa mkono wake siniani, tonge likiwa limekwisha kufinyangwa. Alilirudisha juu ya wali, akasema ameshiba. Upande wake wa sinia ulikuwa haujaliwa hata nusu.

Nilimfuata Bi Rukia uani. Alikuwa ameinamia beseni, nikamshika kichwa mpaka akamaliza.

"Ulijua umeshiba," nikamwambia. "Pua ilikuambia. Mbona hukutoa mkono?"

Akasukutua, akatema, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mkubwa akitoa mkono, sinia limekwisha. Hilo nalo hufundishwi huko shule zenu?"

"Watu wazima si wanaweza kuendelea tu?"

"Salma ataendelea, hana haya huyo. Lakini yule mtoto ni mgeni kwangu bado. Nikitoa mkono, naye atoa. Na ana mtu tumboni wa kumlisha." Akafuta macho. "Basi nauacha mkono pale. Na mkono ukikaa tu bila kula, watu huona. Lazima nibane bane kidogo."

"Tukuwekee sahani yako."

"Sahani ya mtu peke yake ni ya mgonjwa. Mimi nimekwenda kukatwa nisiwe mgonjwa."

"Basi mwambie Mwanaidi aendelee kula, hata wewe ukiacha."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali la mtoto. "Nimwambie mke wa mwanangu, kula, mimi nimeacha? Atasikia nimemwita mlafi. Hayo hayasemwi, dadangu. Atalia, na kesho hatakula kabisa."

Nililichukua beseni, nikalimwaga. Mwanamke huyu aliyeogopa tonge kuliko mauti alikuwa akilimeza kila mchana akijua litarudi, ili binti wa watu apate dakika chache zaidi za kula. Alikuwa akidhoofika kwa adabu. Nimesoma mengi kuhusu kwa nini watu hawali. Hili sikulisoma popote. Nilitaka kumkemea na nilitaka kumbusu mkono, nikashindwa yote mawili.

Nilimwomba jambo moja. Safari ijayo aje na Mwanaidi hadi ndani, niwafundishe wote wawili dalili za hatari, maana ndiye anayeshinda naye nyumbani. Akakubali, kwa sharti: "Habari za sinia usimtajie." Nikaahidi.

Nilitimiza ahadi. Nilizungumza habari za pua, kwikwi na kifua tu. Niliwaambia kwamba ishara ya kwanza ndilo tonge la mwisho. Mwanaidi alisikiliza kichwa chini, buibui amelikusanya mikononi. Tulipokuwa tunaagana akauliza swali moja, kwa sauti iliyonilazimu kuinama.

"Na akizidisha kidogo tu, baada ya pua?"

"Hicho kidogo ndicho kitakachorudi," nikasema, "na vyote vilivyotangulia."

Hakuuliza tena. Lakini alimtazama mama mkwe wake, na huyo Bi Rukia ghafla akaona kitu cha maana sana dirishani.

Ijumaa iliyofuata wakanialika tena. Sinia lilelile, sisi walewale wanne. Bi Rukia akaanza na samaki, akatafuna mpaka maji. Bi Salma alikuwa na harusi nyingine ya kusimulia. Mimi sikusikia hata neno, nilikuwa nakitazama kipaji cha uso wa Bi Rukia kikianza kutoa jasho jembamba, na ile pembe ya leso ikipanda puani. Mara moja. Mkono wake wa kulia ukashuka siniani, ukabana punje.

"Mama," akasema Mwanaidi.

Bi Salma akakatiza harusi yake. Nadhani kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumsikia Mwanaidi akianza mazungumzo kwenye sinia lile.

"Mama, toa mkono. Umeshiba wewe." Alishika ukingo wa sinia. "Mimi sijashiba. Mimi naendelea."

Mke wa mwana kumwambia mama mkwe atoe mkono kwenye sinia lake mwenyewe, tena mbele ya mgeni. Bi Salma alifungua mdomo. Bi Rukia hakusogea, punje zake bado ziko vidoleni. Mwanaidi naye hakungoja ruhusa. Alichota wali, akaulowesha mchuzi, akafinyanga tonge ambalo hata mimi mtu wa mlimani ningeliogopa, akalitia mdomoni. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa haya, na alitafuna. Akachota lingine.

Polepole Bi Rukia alizidondosha zile punje. Akautoa mkono.

Nilikuwa nimeshiba zamani. Lakini niliuona ule uso wa Mwanaidi ukiwa peke yake juu ya sinia, nikaurudisha mkono wangu ndani, nikaanza kubana punje mojamoja. Bi Salma alinitazama. Kisha naye akasogeza mkono wake, akachukua kipande cha samaki, akakitenga upande wa Mwanaidi, akarudi kwenye harusi yake palepale alipoiachia.

Tulikaa hivyo mpaka Mwanaidi aliposhiba, na hakushiba upesi. Bi Rukia hakuinuka. Alikaa nasi mkekani hadi mwisho, mkono wake umetulia mapajani, na chakula chake kimetulia tumboni.